Jenereta inakata kila baada ya saa moja, tufungue pampu?

SWALI: Habari fundi. Nipo Mikindani, Mtwara. Nina jenereta ya dizeli ya KVA 20, umeme ukikatika inaendesha friza zangu za samaki na kinu cha kusaga. Inawaka vizuri tu, ila ikifika kama saa moja hivi inaanza kuyumba, taa zinafifia, alafu inazima. Nikiiacha ikapumzika inawaka tena kama haina shida yoyote. Filta ya dizeli tumeshabadilisha. Fundi mmoja anataka tufungue pampu ya nozeli, mwingine anasema tukate waya wa swichi ya oili. Nifanyeje, samaki wanaharibika.

JIBU: Salama ndugu yangu, na pole sana, najua friza ya samaki haisubiri mtu. Kwanza pampu msiiguse, na huo waya nakuomba kabisa usiukate. Kila jenereta inayozima inakuambia ugonjwa wake kwa namna inavyozima. Ikikata ghafla, pu, mara nyingi ni ulinzi wake: oili ndogo, injini imechemka, au waya wa solenoidi (kile kivalvu cha umeme kinachofungua na kufunga dizeli) umelegea. Ya kwako inayumba kwanza, inaishiwa nguvu taratibu, hiyo ni njaa ya dizeli.

Sasa kwanini ikipumzika inapona? Cheki kifuniko cha tangi. Kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa, kikiziba kwa vumbi na grisi (au kifuniko cha asili kilipotea watu wakafunga nailoni), dizeli inatoka lakini hewa haiingii, ni sawa na kufyonza maji kwenye chupa uliyoibana mdomoni, mwisho hayaji tena. Ukizima, hewa inapenya kidogo kidogo, tangi linapumua, inawaka. Kwahiyo iwashe na mzigo uleule, ikianza tu kuyumba legeza kifuniko. Ukisikia fyuuu na injini ikarudisha nguvu, umemaliza, zibua kitundu. Usiliache tangi wazi ndo ukaona umetibu, hapo pwani mchanga na unyevu vitaingia.

Isipobadilika, angalia uchafu. Taka za chini ya tangi huvutwa zikaziba mdomo wa paipu, injini ikizima zinaachia, ndo maana filta mpya haikusaidia kitu. Fungua koki ya chini ya tangi asubuhi kabla hujawasha, kinga kwenye chupa nyeupe uache itulie: maji yanakaa chini, dizeli juu. Huku kwetu tangi likilala nusu, unyevu wa usiku unageuka maji humo ndani, kwahiyo jaza jioni. Na dizeli ya vidumu ichuje, sijali umenunua kwa nani.

Kingine ni upepo, yaani hewa kuingia kwenye njia ya dizeli. Paipu kati ya tangi na pampu ikiwa na ufa, au klipu imelegea, inaweza isidondoshe hata tone maana upande ule unavuta, yenyewe inaingiza hewa tu. Hapa kuna kipimo nakipenda kuliko vyote: chukua kidumu kisafi cha dizeli, kiweke juu kuliko injini, mbali na ekzosi, unganisha paipu mpya moja kwa moja kwenye filta, na paipu ya marejeo (inayorudisha dizeli iliyozidi) nayo irudi kwenye kidumu hichohicho. Toa upepo kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, alafu ipige mzigo. Ikipita ile saa moja yake bila kuyumba, mara nyingi ubovu upo kwenye tangi au paipu, pampu ya nozeli haina kosa.

Kuhusu swichi ya oili, ile ndo inayozuia injini kujisaga yenyewe. Presha ikishuka na hakuna wa kuizima, ndani ya dakika chache beringi zimekwisha, hapo unaongelea injini nyingine. Hata siku ikizima ghafla, pima oili kwa kijiti injini ikiwa imezimwa na imekaa sawa, angalia na maji ya rejeta na feni belti, rejeta ipulizwe vumbi. Na isifungiwe ndani ya chumba, moshi wake unaua watu.

Friza pia usiziwashe zote pamoja na kinu, mota zinavuta sana wakati wa kuanza, ziachanishe dakika kadhaa.

Kama hata kwenye kidumu imeyumba vilevile, hapo sasa mwambie fundi aifungue pampu, ila ipelekwe kwenye mashine ya kupimia, asiifungulie hapohapo chini.