Usifute Majina ya Mistari na Safu: Ushauri kwa Wanaoanza Matriki katika Masomo ya Biashara

Wengi wenu mnaoingia mwaka wa kwanza wa shahada ya biashara mlikutana na matriki kidato cha nne, mkajifunza kuzidisha matriki za mbili kwa mbili, kutafuta determinanti (namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye matriki ya mraba) na kupata matriki kinyume, kisha mkafanya mtihani na kuyaacha yote hapo. Mhadhiri atakapoliandika neno hilo ubaoni, wapo watakaofurahi wakidhani wanalijua tayari, na wapo watakaoingiwa na hofu kwa sababu walichagua biashara wakiikimbia hisabati. Nimelikalia darasa hilo pande zote mbili, kwanza nikiwa mwanafunzi aliyelazimika kurudia somo, baadaye nikiwa msaidizi wa kuongoza mazoezi ya vikundi, na nimeona kwamba makundi yote mawili hujikwaa mahali pamoja. Huchukua namba kutoka kwenye swali, huziweka ndani ya mabano, na papo hapo husahau kila namba ilikuwa ya kitu gani.

Matriki katika biashara ni jedwali ambalo mistari yake ya kulala na safu zake za kusimama zina majina. Mabano huyaficha majina hayo ili hesabu iende haraka, lakini hayayaondoi. Chukua duka la nafaka lenye matawi mawili, moja Mwenge na jingine Kariakoo. Kwa siku moja tawi la Mwenge limeuza kilo 40 za mchele, 60 za unga na 25 za sukari. Tawi la Kariakoo limeuza kilo 90, 120 na 70 kwa mpangilio huohuo. Bei ya kuuzia kwa kilo ni shilingi 3,000, 1,800 na 2,800. Bei ya kununulia ni 2,700, 1,500 na 2,600. Tunaandika:

Mauzo (tawi kwa bidhaa):
| 40  60  25 |
| 90  120  70 |

Bei (bidhaa kwa aina ya bei):
| 3,000  2,700 |
| 1,800  1,500 |
| 2,800  2,600 |

Matriki ya kwanza ni ya mbili kwa tatu, ya pili ni ya tatu kwa mbili, na zao lake, yaani jibu la kuzidisha, litakuwa la mbili kwa mbili. Vitabu vitakwambia kwamba idadi ya safu za matriki ya kwanza lazima ilingane na idadi ya mistari ya matriki ya pili. Hiyo ni kweli, ila haitoshi. Kinachopaswa kukutana katikati ni jina: bidhaa upande huu, bidhaa upande ule, tena kwa mpangilio uleule wa mchele, unga na sukari. Majina yanayokutana humezwa na hesabu, na yanayobaki pembeni, yaani tawi na aina ya bei, ndiyo majina ya jibu. Mstari wa Mwenge ukizidishwa na safu ya bei ya kuuzia unatoa 120,000 + 108,000 + 70,000, yaani shilingi 298,000, na gharama yake kwa njia hiyohiyo ni 263,000. Kariakoo wanapata 682,000 na 605,000. Ukitoa gharama kwenye mauzo, faida ghafi ni shilingi 35,000 Mwenge na 77,000 Kariakoo.

Sasa zigeuze, utangulize bei na kufuatisha mauzo. Hesabu itakuruhusu kabisa, maana tatu kwa mbili inazidishika na mbili kwa tatu, na utapata matriki ya tatu kwa tatu iliyojaa namba zenye heshima zake. Namba ya kwanza kabisa itakuwa 3,000 × 40 + 2,700 × 90, sawa na 363,000. Hiyo ni bei ya kuuzia mchele mara kilo za Mwenge, ikajumlishwa na bei ya kununulia mchele mara kilo za Kariakoo, na hakuna mwenye duka duniani anayeihitaji namba hiyo. Mnapofundishwa kwamba A mara B si lazima iwe sawa na B mara A, msiichukue kama kanuni ya kukariri tu. Andikeni majina pembeni kwa penseli, nanyi mtaona wenyewe ni mpangilio upi una maana.

Nikigusia historia kidogo, neno matriki kwa maana hii ya kihisabati lilianzishwa na Mwingereza James Joseph Sylvester mwaka 1850, na rafiki yake Arthur Cayley akaziandikia kanuni za hesabu zake mwaka 1858. Determinanti ni kongwe zaidi. Gabriel Cramer wa Geneva alitangaza kanuni yake ya kutatua milinganyo mwaka 1750. Watu walihitaji kwanza kujua kama milinganyo yao ina jibu, na jedwali lenyewe likapewa jina baadaye.

Kwa hiyo twende kwenye determinanti, ambako ndiko mtakakopoteza alama nyingi zaidi. Fundi wa sare za shule anashona mashati na magauni. Shati moja linachukua mita 2 za kitambaa na saa 2 za kazi. Gauni moja linachukua mita 3 na saa 4. Ana mita 130 na saa 150, naye anataka kutumia vyote bila kubakiza. Mstari wa kwanza wa matriki yake ni kitambaa, wa pili ni saa. Safu ya kwanza ni shati, ya pili ni gauni:

| 2  3 |
| 2  4 |

Determinanti ni 2 × 4 kutoa 3 × 2, yaani 2. Katika matriki hakuna kugawanya, na anayeandika matriki B juu ya matriki A kama sehemu amekosea hata kama jibu lake limetokea kuwa sahihi. Badala yake tunazidisha kwa matriki kinyume, ile inayotengua kazi ya matriki ya kwanza. Kwa mbili kwa mbili, namba za ulalo mkuu (kutoka juu kushoto hadi chini kulia) hubadilishana nafasi, namba mbili nyingine hubadilishwa alama, kisha kila kitu hugawanywa kwa determinanti. Mashati ni (4 × 130 − 3 × 150) ÷ 2 = 35, na magauni ni (−2 × 130 + 2 × 150) ÷ 2 = 20. Hakikisha: 70 + 60 ni 130, na 70 + 80 ni 150. Uhakiki huu hauchukui hata dakika moja, na bado katika kila kundi nililoongoza wachache sana waliufanya bila kuambiwa.

Tuseme sasa kwamba fundi amepata msaidizi mwepesi na gauni linachukua saa 3 badala ya 4. Determinanti inakuwa 6 kutoa 6, sifuri. Mwanafunzi wa kawaida ataandika “haina kinyume” na kupiga mstari. Alama za swali lakini ziko katika maelezo ya kilichotokea. Shati linakula mita 2 na saa 2, gauni linakula mita 3 na saa 3, maana yake mstari wa saa unarudia maneno yaleyale ya mstari wa kitambaa. Tuna milinganyo miwili kwenye karatasi, lakini taarifa ni moja. Kama fundi ana mita 130 na saa 150, hawezi kamwe kuvimaliza vyote, kwa sababu kila anachoshona kinatumia saa sawa na mita. Kama ana mita 130 na saa 130, majibu ni mengi: mashati 35 na magauni 20 yanafaa, mashati 5 na magauni 40 yanafaa, na hata mashati 65 bila gauni lolote. Determinanti ikiwa sifuri, basi, ama hakuna jibu au majibu hayana idadi, na ni upande wa kulia wa milinganyo unaoamua ni lipi kati ya hayo mawili. Jifunzeni kulieleza hilo kwa sentensi kamili, si kwa alama peke yake.

Lipo jambo jingine ambalo sikufundishwa darasani, nikalifahamu nilipoanza kufanya kazi ya hesabu za ununuzi. Determinanti inaweza isiwe sifuri na bado ikakuponza. Fikiria ankara mbili kutoka kwa msambazaji mmoja ambaye hakuandika bei ya kila bidhaa. Ya kwanza ni ya miche 50 ya sabuni na chupa 40 za mafuta kwa jumla ya shilingi 300,000. Ya pili ni ya miche 51 na chupa 41 kwa shilingi 307,000. Determinanti ni 50 × 41 kutoa 40 × 51, yaani 2,050 kutoa 2,040, sawa na 10. Ukitatua unapata sabuni shilingi 2,000 na mafuta shilingi 5,000. Sasa karani akosee kuandika jumla ya ankara ya pili kwa shilingi 500 tu, aandike 306,500. Tatua upya: sabuni inakuwa shilingi 4,000 na mafuta shilingi 2,500. Kosa dogo kama nauli ya daladala limeongeza bei moja maradufu na kuikata nyingine nusu.

Sababu ni kwamba ankara hizo mbili zinakaribia kusema jambo moja. Usiitazame 10 ukadhani ni namba kubwa au ndogo yenyewe kwa yenyewe, kwa kuwa ukubwa wa determinanti hubadilika na vipimo: fundi wetu akipima kitambaa kwa sentimita badala ya mita, determinanti yake inapanda kutoka 2 hadi 200 na sare zake hazijabadilika hata moja. Linganisha yale mazao mawili ya kuzidisha kabla ya kutoa moja kwenye jingine. Kama 2,050 na 2,040 zinakaribiana hivyo, tafuta ankara nyingine yenye mchanganyiko tofauti kabla hujampelekea meneja jibu.

Kuhusu determinanti ya tatu kwa tatu nitasema machache, kwa kuwa ni suala la mazoezi. Ukiipanua, yaani kuivunja kuwa determinanti ndogo za mbili kwa mbili, alama za kujumlisha na kutoa hupishana kama miraba ya ubao wa dama, na ndizo zinazosahaulika. Panua kwa mstari au safu yenye sifuri nyingi, si lazima mstari wa kwanza. Njia ya kurudia safu mbili pembeni na kuzidisha kwa ulalo inafaa kwa tatu kwa tatu pekee. Niliwahi kusahihisha karatasi ambamo nusu ya kundi waliitumia kwa nne kwa nne na kupata mazao 8, ilhali determinanti hiyo ina mazao 24. Ya tano kwa tano ina 120, na ya kumi kwa kumi ina 3,628,800. Ndiyo maana kwa matriki kubwa tunapunguza mistari, yaani tunatengeneza sifuri chini ya ulalo mkuu, tukikumbuka kwamba kubadilishana mistari miwili hugeuza alama ya determinanti, na kuongeza kizidisho cha mstari mmoja kwenye mwingine hakuibadilishi. Kompyuta nayo hutumia njia ya aina hiyo. Katika Excel mtakutana na MMULT ya kuzidisha, MDETERM ya determinanti na MINVERSE ya kinyume. Msishangae MDETERM ikiwapa namba ndogo mno yenye sifuri nyingi baada ya nukta mahali ambapo jibu halisi ni sifuri, kwa sababu mashine hukadiria tarakimu za mwisho.

Nimebakiza mada ambayo ndiyo iliyonirudisha darasani. Wassily Leontief, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1973, alionyesha jinsi ya kuuandika uchumi mzima kama matriki ya sekta zinazouziana. Tuseme kuna kilimo na viwanda. Ili kuzalisha bidhaa za shilingi moja, kilimo kinanunua za senti 20 kutoka kilimo chenyewe na za senti 40 kutoka viwandani. Viwanda vinanunua za senti 30 kutoka kilimo na za senti 10 kutoka viwandani. Walaji wa mwisho wanataka bidhaa za kilimo za shilingi bilioni 60 na za viwanda za bilioni 90. Kila sekta inayonunua ni safu, na kila sekta inayouza ni mstari:

| 0.2  0.3 |
| 0.4  0.1 |

Kinachozalishwa ukitoa kinachotumiwa na sekta zenyewe ndicho kinachomfikia mlaji, kwa hiyo tunaitoa matriki hii kwenye matriki tambulishi, ile yenye 1 kwenye ulalo mkuu na sifuri kwingine, tunapata 0.8 na −0.3 juu, −0.4 na 0.9 chini. Determinanti ni 0.72 kutoa 0.12, yaani 0.6. Uzalishaji wa kilimo ni (0.9 × 60 + 0.3 × 90) ÷ 0.6, sawa na bilioni 135, na wa viwanda ni (0.4 × 60 + 0.8 × 90) ÷ 0.6, sawa na bilioni 160. Kilimo kinazalisha zaidi ya mara mbili ya kile kinachomfikia mlaji, kwa sababu kinachobaki kinaliwa njiani na sekta zenyewe.

Katika mtihani wangu swali lilikuwa la sura hiyohiyo, nami nikaandika mahitaji ya kila sekta kwa mstari badala ya safu, kwa kuwa ndivyo yalivyotajwa katika sentensi. Fanyeni hivyo kwa namba hizi mtapata 150 na 150, jibu zuri la kuvutia ambalo ni kosa tupu. Determinanti haikunishtua, kwani matriki ikigeuzwa mistari kuwa safu determinanti yake haibadiliki, ilibaki ileile. Nilihakiki pia, nikazidisha jibu langu kwa matriki yangu, likarudisha mahitaji ya walaji bila hitilafu, nikakabidhi karatasi nikiwa na amani. Tangu hapo, kabla ya kutoa chochote kwenye matriki tambulishi, naandika “anayenunua” juu ya safu na “anayeuza” kando ya mistari, kisha nasoma safu ya kwanza kwa sauti ya chini kutoka juu kwenda chini: kilimo kinanunua senti 20 kwa kilimo, senti 40 kwa viwanda.