Kabla hujaandika neno "ubunifu" kwenye mchanganuo wako

Kazi ninayoipenda kuliko zote hapa Tanga ni kupitia michanganuo ya biashara ya vijana na vikundi vya akina mama kabla hawajaipeleka kuombea mkopo. Karibu kila mwombaji hujiita "mjasiriamali mbunifu". Ukisonga mbele unakuta ni duka la rejareja Ngamiani, au banda la kuku Pongwe. Duka ni kazi ya heshima, na kuku wanasomesha watoto. Ila ujasiriamali na ubunifu ni kazi mbili, na anayezichanganya huishia kuomba msaada asiouhitaji.

Mjasiriamali huweka mtaji wake rehani, hutafuta wateja, huajiri, na hasara ikija ni yake. Mbunifu huleta namna mpya ya kufanya jambo, ikatumika na watu. Mchumi Joseph Schumpeter, aliyeandika kuhusu haya mwaka 1911, alitaja milango mitano ya upya huo: bidhaa mpya, mbinu mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi, na mpangilio mpya wa tasnia. Alikuwa mkali kweli, kwani asiyeleta upya wowote hakumhesabu kuwa mjasiriamali. Hapo simfuati. Mama anayefungua genge kwa akiba yake mwenyewe anathubutu kama mwingine yeyote, hata kama nyanya zake ni nyanya tu.

Tuuangalie mkonge, maana ndio ulioupa umaarufu mkoa huu. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, hakuuvumbua. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 aliingiza miche kutoka Florida, na inasimuliwa kwamba kati ya 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Huo ulikuwa ubunifu wa mlango wa nne, yaani malighafi mahali ambapo haikuwapo. Waliomfuata na kufungua mashamba Pangani, Muheza na Korogwe walifanya kazi kubwa ya biashara: mitaji, mashine za korona za kuchakata majani, reli, meli, na jasho la manamba, yaani vibarua wa mkataba, walioletwa kutoka mbali (hao hawatajwi inavyostahili). Bidhaa ikabaki ile ile, singa, yaani nyuzi za mkonge. Kamba za plastiki ziliposhika soko miaka ya 1960 bei ikaanguka, na mashamba mengi hayakuwa na kingine cha kuuza.

Kinachoniuma ni kwamba singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Yaliyobaki yalikuwa yakimwagwa. Baadaye sana, katika miaka ya 2000, ndipo Hale, huko Korogwe, ikajengewa mtambo wa biogesi uliotumia mabaki hayo kuzalisha umeme. Ukiniuliza ubunifu unaonekanaje, nitakuelekeza kwenye lundo lile la taka kabla sijakuelekeza kwenye kompyuta.

Sasa kwako wewe. Jiulize umekwama wapi. Kikundi kimoja cha wakulima wa mwani niliokaa nao walikuwa wanatengeneza sabuni nzuri, yenye harufu ya karafuu, na waliojaribu waliipenda. Walitaka nikawatafutie mafunzo ya ubunifu ili waongeze aina nyingine. Nikawaomba daftari la mauzo, hawakuwa nalo. Bei walipanga kwa kuangalia jirani, bila kuhesabu mafuta, magadi na siku zao za kazi. Sabuni yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni mtu wa kushika hesabu na mwingine wa kuzunguka madukani na hotelini. Huo ni ujasiriamali, na mafunzo ya sabuni mpya yasingeuleta.

Kwa upande wa pili nina kijana fundi wa kuchomelea, anayeunda vikaushio vya dagaa. Kila akija ni, "Shikamoo mama, nimekiboresha tena." Marahaba mwanangu, umeuza vingapi? Kimya. Huyu ana kipaji cha kweli, na ningemhuzunikia sana kikipotea. Nimemshauri asijilazimishe kuwa muuzaji. Atafute mwenzake anayeijua biashara ya dagaa, wagawane faida, na makubaliano yaandikwe kabla ya senti ya kwanza kuingia.

Kama biashara yako ni ya kawaida, iseme hivyo. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba na haidai uwe umevumbua kitu. Eleza wateja ni akina nani, unanunua kwa bei gani, unauza kwa bei gani, utarejesha kwa fedha ipi.

Kama kweli una kitu kipya, wape watu wachache unaowaamini wakitumie, tena walipie, hata kidogo. Kwa mambo ya mashine na karakana nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Kama unafikiria hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wako, fika BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla hujakipeleka kwenye maonesho au kukirusha mtandaoni, kwa sababu sharti la kwanza ni kitu kiwe kipya, na kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kukosa sifa hiyo.