Nimemchoma kambale sindano, mayai yamegoma

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafuga kambale huku Mafinga. Juzi nilimchoma jike la kilo 2 dawa ya homoni mili 1, nikifuata maelekezo ya jamaa anaetotolesha vifaranga Dar, akaniambia baada ya masaa 10 we kamua tu. Nikakamua kwa nguvu zote, vikatoka vimayai kidogo vimechanganyika na damu, nikavimwagia mbegu za dume, kesho yake vyote vyeupe, vimekufa. Na dume nilishamchinja kutoa hizo mbegu. Hii dawa ni feki au?

JIBU: Marahaba. Dawa siikatai wala siitetei, ila kabla hujarudi kugombana dukani hebu niambie, maji yako yalikuwa na joto kiasi gani? Kipimo cha mili 0.5 kwa kilo uko sawa kabisa, ila nahisi ulimkamua akiwa bado kabisa.

Iko hivi. Sindano haitengenezi mayai. Mayai yanajazwa miezi kabla, homoni ya estrojeni inatoka kwenye ovari inaenda mpaka kwenye ini, ini ndo linapika ile akiba ya chakula inasafirishwa na damu kwenda kwenye yai (watu wengi hawajui kama ini linahusika!). Yai likishajaa linakaa tu linasubiri ruhusa, na kwa kambale ruhusa inaletwa na mvua na mafuriko, sasa bwawani kwako mafuriko yatoke wapi? Ubongo unaendelea kumwaga dopamini ambayo ni kama breki, tezi ya pituitari chini ya ubongo haiachii homoni yake ya LH ya kutosha. Hizi dawa nyingi zina vitu viwili ndani, kimoja kinaisukuma pituitari na kingine, domperidoni, kinaachia breki.

LH ikishamwagika bado haiongei na yai moja kwa moja. Inaenda kwenye seli zinazolizunguka yai, zile zinatengeneza homoni nyingine, jina lake refu watu wanaifupisha DHP, Wajapani Nagahama na Adachi waliitambua kwa samaki wa jamii ya salmoni mwaka 1985. Hiyo ndo inagonga utando wa nje wa yai, haina haja hata ya kuingia ndani, na hapo kiini cha seli kilichokuwa kimetulia katikati kinasogea pembeni karibu na kitundu cha kupitishia mbegu ya dume halafu kinayeyuka. Baada ya hapo ndo yai linabanduka kwenye kifuko chake.

Yote hayo yanaenda kwa joto la maji. Nyuzi 26 ni masaa 10 hivi, huyo jamaa yako wa Dar hajakudanganya, ila kwenye maji ya baridi kama ya huko kwenu Mafinga, tuseme nyuzi 20, ni kama masaa 21! Ulichokamua ni mayai bado yameshikilia, ndo maana damu.

Safari ijayo nunua kipima joto, au weka hita kwenye tangi. Muda ukifika mbonyeze tumbo taratibu kuelekea mkiani, mayai yaliyoiva yanateleza yenyewe. Yakigoma muache lisaa lizima ndo ujaribu tena, ila usilale ukamsahau hadi mchana maana yakipitiliza nayo hayatotoi. Na dume usimguse mpaka uyaone mayai kwenye beseni.