Usikubali bei ya sonara kwanza

Pole kwa msiba, dada. Umeuliza kama bei ya sonara kwa sarafu alizokuachia babu ni ya haki. Sonara hununua uzito wa madini ya fedha tu, ilhali mkusanyaji hulipia mwaka, alama na hali ya sarafu. Kwa hiyo subiri, na tafadhali sana usizisugue kwa ndimu wala majivu. Sarafu iliyong'arishwa hushuka thamani, na hasara hiyo hairudi.

Zitenge kwa aina. Shilingi zenye simba za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, na nyingi si adimu. Riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, huandikwa 1780 hata ikiwa ilipigwa karne ya 20, basi mwaka huo usikupe matumaini. Rupia ya enzi ya Wajerumani yenye sura ya Kaisari, mfalme wao, ipime uzito: nzima hukaribia gramu 11.66. Ukikuta ya dhahabu yenye tembo, rupia 15 ya Tabora ya 1916, usiitembeze mtaani. Ikaguliwe na mtaalamu, maana za bandia zipo.

Bei linganisha na zilizokwisha kuuzwa minadani, si zile wauzaji wanazotaja.