Kukaa kimya na pumzi: kwangu kulianza na karanga moja

Mkuu, umeuliza kama meditesheni inamfanya mtu ajisikie yu hai kweli au ni kusinzia kwa mbwembwe tu. Huu mwaka wangu wa tatu, niko Moshi, nakujibu kwa niliyoyapitia.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu ndogo karibu na soko la Mbuyuni. Mikono ilikuwa inashona gauni, kichwa kiko kwenye ada ya watoto na mteja wa sare anayenizungusha. Jioni ukiniuliza mchana nimekula nini, sikumbuki.

Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia habari za Jon Kabat-Zinn, Mmarekani aliyeanzisha mafunzo ya meditesheni mwaka 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, kwenye chuo cha udaktari huko Massachusetts. Alichota kwa Wabudha, ila dini akaiweka kando. (Wale wa "hayo ni mashetani": mimi Mlutheri, na ibada sikosi.) Zoezi moja ni kula zabibu kavu moja, taratibu. Zabibu nizitoe wapi? Nikachukua karanga. Nikaigeuza, nikainusa, nikaiweka ulimini, nikatafuna kama ng'ombe anayecheua. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nilipata chumvi, kisha harufu ya jiko la mkaa, kisha utamu wa mafuta. Na karanga hizo hizo nilikuwa nazila kila siku!

Sasa usitegemee raha. Kwangu vilivyoamka kwanza ni vikero: kumbe meno nayakaza kutwa nzima, bega la kulia linawaka, na kila nikitunga uzi kwenye sindano naibana pumzi. Wiki ya pili nikagundua chai ya vijiko vinne vya sukari siipendi, niliizoea tu. Baada ya mwezi hivi, nimekaa zangu, yakanijia machozi ya baba. Tulimzika Kibosho, na siku ile mimi nilikuwa nahesabu sahani za wageni. Nililia, nikamaliza dakika zangu, nikaenda kufungua fremu.

Nakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, saa 12 kasoro asubuhi, dakika 15. Nafuata pumzi inavyopita puani. Akili ikikimbilia madeni nairudisha, hata mara mia. Kuirudisha ndiyo kazi yenyewe. Pumzi ya kutoka naiachia ndefu kuliko ya kuingia, maana kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Siku nyingine Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi kabla mawingu hayajaifunika. Siku nyingine ni jogoo wa jirani na bodaboda yenye ekzosi mbovu, nayo naisikiliza.

Ila kama una sonona, au kuna jambo zito lililokupata halijapoa, onana na daktari kwanza. Ule ukimya unaweza kufumua mshono ambao huna uzi wa kuurudishia.

Kwa kuanzia, kesho onja chai yako kabla hujatia sukari.