Usibadilishe kadi kabla ya kusoma lebo ya pawa saplai

SWALI: Fundi, shikamoo. Naunda kompyuta yangu ya kwanza ya gemu kwa hela ya kujibana. Nimepata kadi ya picha ya Radeon RX 6600 iliyotumika, nikaifunga na pawa saplai (kile kisanduku cha kugawa umeme) ya kompyuta ya zamani ya kaka yangu. Imeandikwa 600W, na kwenye lebo kuna +12V 20A. Haikuwa na waya wa pini 8 wa kulisha kadi, fundi akaniuzia adapta ya kuchomeka kwenye plagi ya SATA. Mashine inawaka vizuri, lakini nikicheza kama dakika kumi inazima ghafla. Fundi anasema kadi ni mbovu, nitafute nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Chomoa hiyo adapta leo, na usicheze tena kwa mpangilio huo.

Sijaishika mashine yako, lakini kadi ndiyo kitu cha mwisho ambacho ningekishuku. Kadi inayozidiwa na joto kwa kawaida hujipunguza kasi kwanza. Utasikia feni zikivuma na gemu likianza kukwama. Kuzima ghafla, tena wakati wa kucheza tu, kunanielekeza kwenye umeme.

Umeniandikia jibu mwenyewe bila kujua. Prosesa na kadi ya picha hula karibu umeme wao wote kutoka volti 12. Zidisha volti 12 kwa ampea 20 (hiyo 20A ya lebo): wati 240. Hizo ndizo wati zako. Ile 600 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya kupamba boksi. RX 6600 peke yake imepangiwa wati 132, weka prosesa, feni na madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote), umeshafika ukingoni. Na kadi haili umeme kwa utulivu, huruka juu kwa nukta ndogo sana za muda, na saplai dhaifu hukata hapohapo.

Sasa adapta. Hili linaniudhi kuliko yote, maana naletewa kila mara. Plagi ya SATA ilitengenezwa kwa ajili ya diski. Ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla. Plagi ya pini 8 inaruhusiwa kubeba hadi 150. Anayekuuzia adapta ya kuunganisha viwili hivyo anajua kwamba plastiki inaingia, basi. Hajapiga hesabu. Huyo ni kanjanja, na kosa lake likianza kunuka moshi atakwambia ununue kadi nyingine.

Fanya hivi: azima mashine yenye saplai nzuri, ujaribu kadi yako humo kwa saa moja. Ikitulia, tafuta pawa saplai mpya ya wati 550 yenye ampea 40 au zaidi kwenye volti 12, na waya wake wa pini 8 uliotoka nao kiwandani. Hela ikigoma, punguza gharama kwenye kava (boksi la kompyuta) lenye taa au feni za rangi. Au uza kadi hiyo uchukue inayokula umeme wa madabodi tu, usiozidi wati 75. Zipo GTX 1650 nyingi zisizo na plagi kabisa. Utacheza kwa picha za chini kidogo, lakini utacheza.

Wengine mnaojibana, msidanganywe pia na nembo ya 80 Plus. Inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto, haipimi usalama. Angalia miaka ya dhamana. Mtengenezaji anayetoa mitano au zaidi anaamini alichouza. Saplai za nyaya za kuchomoa nazo zina mtego: usichukue waya wa saplai moja ukauchomeka kwenye nyingine hata kama unaingia sawasawa, mpangilio wa pini upande wa saplai hutofautiana na diski zako zinaweza kuungua mara moja. Na asiwepo wa kukufungulia saplai "aongeze nguvu". Kapasita zake, vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Hiyo plagi ya SATA uliyoitoa, itazame kwenye mwanga. Plastiki ikiwa imebadilika rangi au imelainika, usimpe wala usimuuzie mtu hiyo saplai.