Mnaniuliza kama forodhani wanatunyanyasa

Ndugu zangu, tangu mdogo wetu apate viza, simu zenu zimekuwa na swali lile lile: ni kweli ukifika ng'ambo maofisa wa mpakani wanamwaga nguo zako mbele za watu na kukuhoji kama mwizi? Nitawajibu wazi. Wasafiri wengi huambiwa "usiogope" basi, na neno hilo halimsaidii mtu aliyesimama mbele ya meza ya ukaguzi.

Wapo wanaonyanyasa. Nimeshuhudia ofisa akiacha watu wapite mmoja baada ya mwingine, kisha akamsimamisha kijana mweusi mwenye begi dogo kuliko yote yaliyopita. Inauma, na sitawaambia eti ni hisia zenu tu. Lakini ukaguzi wenyewe si tusi. Sheria za mpakani si sawa na za mtaani. Marekani, kwa mfano, ofisa wa forodha hahitaji hati ya mahakama ili afungue begi lako. Mahakama ya Juu ya huko ilishaukubali upekuzi wa namna hiyo mwaka 1977. Ukianza kubishana naye kuhusu kugusa vitu vyako, unajichelewesha bure.

Tena msichanganye uhamiaji na forodha. Uhamiaji wanataka kujua wewe ni nani na umefuata nini. Forodha wanataka kujua umebeba nini. Unaweza kugongewa muhuri vizuri kabisa, ukachukua begi lako, halafu ukaitwa pembeni. Kuitwa huko hakumaanishi viza imefutwa.

Pale pembeni ofisa anavaa glavu na kuuliza: Begi hili ni lako? Ulilipanga mwenyewe? Kuna mtu kakupa kitu umpelekee mwingine? Kisha anatoa nguo moja moja, anapapasa mishono ya begi, anafinya soli za viatu. Pengine anafuta mpini kwa kitambaa kidogo na kukiingiza kwenye mashine inayotambua chembe za dawa za kulevya au baruti. Muda wote huo analinganisha ulichomwambia na anachokiona, na yasipolingana ndipo balaa linapoanza.

Chukueni fedha. Kuingia Marekani na zaidi ya dola 10,000 si kosa; kosa ni kutozitangaza. Familia inayosafiri pamoja huhesabiwa kwa jumla, kwa hiyo kuzigawa kwenye mikoba ya watoto hakusaidii kitu. Umoja wa Ulaya nao unataka utangaze kuanzia yuro 10,000. Anayetangaza hujaza fomu na kujibu maswali. Anayeficha anaweza kunyang'anywa. New Zealand, tunda moja ulilolisahau begini bila kulitangaza linaweza kukupatia faini ya dola 400 za kwao papo hapo. Dawa za hospitali zibaki kwenye boksi lake, pamoja na barua ya daktari. Na uliza mapema, maana dawa ya maumivu kama tramadol inadhibitiwa vikali Falme za Kiarabu, nawe unaweza kuwa unaitumia kila siku.

Linaloniumiza kuliko yote ni vifurushi vya kubebeshwa. Mtu anakuja uwanjani dakika za mwisho na kitu kimeshazungushiwa utepe wa gundi, na ukikataa unaambiwa una roho mbaya. Nilimwona mama mtu mzima ameketishwa kando, kifurushi kiko mezani, kila akiulizwa kilichomo anajibu "nimepewa". Nilipotoka bado alikuwa pale. Ofisa hamjui aliyekupa. Begi ni lako, na utakayesimamishwa ni wewe. Jamani, acheni kuwafanyia wasafiri hivi.

Simu pia hukaguliwa. Marekani, asiye raia akikataa kuifungua anaweza kurudishwa alikotoka, kwa hiyo amueni kabla ya safari mnabeba nini humo ndani.

Pamoja na hayo, msinyenyekee hadi mkapoteza haki. Kama lugha inakupiga chenga, omba mkalimani. Kujibu "ndiyo" kwa swali ambalo hukulielewa ni hatari kuliko kukaa saa nzima ukimsubiri. Usitie saini karatasi usiyoielewa. Wakichukua kitu chako, dai stakabadhi. Wakitaka kukupekua mwilini, omba faragha na ofisa wa jinsia yako. Usithubutu kutoa kitu kidogo ili mambo yaishe. Hapo utakuwa umejitafutia kesi ya jinai mwenyewe. Na akikutukana, usimrudishie. Soma jina au namba iliyo kifuani mwake, kumbuka saa na mlango uliopitia, halafu andika malalamiko rasmi siku hiyo hiyo, kabla hujasahau maneno yake.